Mkeka wa Tatu, Mkeka wa Tano: Niliyojifunza Kama Mzazi na Refa wa Mieleka ya Shule Iowa

Kila msimu wa baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, wazazi wenzangu hunipigia simu Jumamosi usiku na swali ni lilelile: kwa nini refa wa mkeka wa tatu amemwadhibu mwanangu kwa jambo ambalo refa wa mkeka wa tano aliliangalia tu? Wananiuliza mimi kwa sababu watoto wangu wanacheza mieleka na mimi mwenyewe ni refa mwenye leseni hapa Iowa, Marekani. Jibu lake halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kuliandika. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika michezo ya shule: mtoto awe na uhakika kwamba kitendo kilekile kitapata hukumu ileile, awe nani, iwe saa ngapi, awe anaongoza au yuko nyuma.

Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, baada ya wazazi wangu kukimbia vita Kivu Kusini. Kule kwetu mchezo ulikuwa mpira wa miguu, na mieleka tuliyoijua ni ile ya kwenye vibanda vya video, ya majitu kupigana viti. Tulipoletwa Iowa, mwanangu wa kwanza alirudi siku moja kutoka shuleni na karatasi ya kutia saini ili aingie timu ya mieleka. Nilikataa. Mwalimu wake alinipigia simu akanieleza kwa subira kwamba mieleka ya shule ni mchezo wenye kanuni, madaktari na uzani wa halali, na kwamba jimbo hili linauenzi tangu zamani. Mashindano ya jimbo yamekuwepo tangu 1921. Dan Gable, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Munich 1972 bila kufungwa hata pointi moja, ni mzaliwa wa Waterloo, mji ambao leo una familia nyingi za Kikongo. Jumamosi ya mieleka huku ina joto la Simba na Yanga, ila ndani ya jimu la shule, huku nje theluji imefika magotini.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajawahi kuuona. Mechi ya sekondari ina vipindi 3 vya dakika 2. Kuna madaraja 14 ya uzani kwa wavulana, kuanzia pauni 106 hadi 285. Ukimwangusha mwenzako chini na kumdhibiti unapata pointi, ukijinasua kutoka chini yake unapata 1, ukimpindua ukawa wewe juu unapata 2. Ukiyabana mabega yake yote mawili kwenye mkeka kwa sekunde 2, mechi imekwisha hapohapo. Ukimzidi kwa pointi 15, nayo imekwisha. Kwenye shindano la Jumamosi mikeka inaweza kuwa sita, nane au zaidi, imepangwa bega kwa bega, na kila mkeka una refa mmoja tu. Mmoja. Waamuzi wasaidizi mara nyingi utawaona kwenye hatua za mwisho za msimu, na katika mashindano yetu ya kawaida hakuna kurudia video. Alichokiona mtu yule mmoja ndicho kilichotokea.

Ukishindwa mechi moja unaangukia upande wa pili wa ratiba, na kuanzia hapo cha juu kabisa unachoweza kupata ni nafasi ya tatu. Kwa hiyo uamuzi mmoja wa asubuhi unaamua mtoto atapita njia ipi siku nzima.

Nikiwa mzazi tu, kabla sijavaa shati la mistari la refa, niliona jambo ambalo mpaka leo ndilo linaloniongoza. Mwanangu asubuhi alikuwa amemfunga mpinzani wake mkono nyuma ya mgongo, anamgeuza ili ambane mabega. Refa akapuliza filimbi, akasimamisha mchezo: bega la mpinzani lilikuwa linasukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Hiyo ni haki yake kikanuni. Mshiko unaoelekea kwenye hatari husimamishwa bila adhabu, watoto wanaanza upya. Lakini mwanangu alikuwa amepoteza nafasi ya kumaliza mechi, na mwishowe akashinda kwa tofauti ndogo sana. Mchana, mkeka mwingine, refa mwingine, yeye ndiye aliyekuwa chini, mkono wake nyuma, bega limepanda vilevile. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, nikaona uso wake umekunjamana. Nikasubiri filimbi. Haikulia. Akageuzwa, akabanwa, mechi ikaisha.

Tukiwa garini aliniuliza, "Baba, ipi ndiyo sahihi?" Sikuwa na jibu. Kocha wake naye, alipofika mezani kuuliza, aliambiwa kwamba hilo ni suala la mtazamo wa refa, na mtazamo haukatiwi rufaa.

Swali lile ndilo lililonipeleka kwenye urefa. Nilijisajili na chama cha jimbo, nikafanya mtihani wa kanuni, nikahudhuria mkutano wa kanuni, nikanunua shati, filimbi na vile vitambaa viwili vya mkononi, chekundu na cha kijani, ambavyo refa huinua kuonyesha ni nani amepata pointi. Nikaanza na watoto wadogo wa shule ya kati, kisha sekondari. Mechi za shule wanayosoma watoto wangu sizichezeshi, na ni sawa iwe hivyo.

Nilichokitarajia ni kwamba tofauti kati ya marefa zinatokana na ujuzi: huyu anajua kanuni, yule hajui. Zipo za namna hiyo, lakini ni chache kuliko mzazi anavyodhani. Marefa wengi niliofanya nao kazi wanakijua kitabu cha kanuni cha NFHS, shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya sekondari, kuliko ninavyokijua mimi. Tofauti zinaingia kwenye mambo ambayo kitabu hakiwezi kuyashika mkono.

Chukua hesabu. Mtoto akimweka mwenzake mgongo ukiwa umeelekea mkekani lakini mabega hayajabanwa kabisa, refa huhesabu sekunde kwa mkono: anaupunga hewani, moja, mbili, tatu. Hakuna saa. Mkono wake ndio saa. Nimesimama pembeni na simu yangu nikapima marefa wakihesabu, na nakuhakikishia kuna mikono ya haraka na mikono ya taratibu. Zamani haikuuma sana, kwa sababu hesabu ya 2 hadi 4 ilikuwa inatoa pointi 2 zilezile. Kuanzia msimu wa 2024–25 kanuni imebadilika: sekunde 2 ni pointi 2, sekunde 3 ni 3, sekunde 4 ni 4. Sasa kila mpungo wa mkono una bei. Refa mwenye mkono wa haraka anampa mtoto pointi 4 mahali ambapo mwenzake wa mkeka wa jirani angempa 3, na wote wawili wataapa kwamba wamehesabu sekunde. Mimi hufanya mazoezi nyumbani mbele ya saa ya ukutani, napunga mkono pamoja na mshale wake mpaka mke wangu ananifukuza jikoni. Ninaamini kila refa angepaswa kupimwa hesabu yake kabla ya msimu, kama anavyopimwa kwa maswali ya kuchagua. Ni kipimo cha dakika tano, na hakuna anayekifanya.

Mabadiliko hayohayo ya 2024–25 yaliipandisha pointi ya kumwangusha mtu kutoka 2 hadi 3, na yakarahisisha jambo la ukingoni. Zamani tulikuwa tunahesabu viungo vya kuegemea vilivyobaki ndani ya mstari, na kila refa alikuwa na hesabu yake, goti hili, kiganja kile. Sasa inatosha sehemu moja tu ya mwili wa mmoja wao iwe inagusa ndani au juu ya mstari, mchezo unaendelea. Hiyo ndiyo kanuni ninayoipenda: inaondoa nafasi ya kukisia. Msimu wa kwanza wiki za mwanzo zilikuwa za shida, filimbi zilikuwa zinalia kwa mazoea ya zamani, lakini kufikia Januari mikeka ilikuwa inafanana ukingoni kuliko nilivyowahi kuiona. Hilo lilinifundisha kwamba haki ya mtoto inaanzia kwa anayeandika kanuni. Kanuni iliyoandikwa vibaya haiwezi kuokolewa na refa mwema.

Sasa nifike kwenye penye moto. Jambo linalovunja mioyo ya watoto na kuwatoa wazazi kwenye viti ni kukwepa mchezo: mtoto anaongoza kwa pointi moja, muda unaisha, anaanza kurudi nyuma, anazunguka ukingoni, anashikashika mikono ya mwenzake bila nia ya kushambulia. Kanuni iko wazi kabisa. Kila mchezaji anatakiwa kujitahidi kwa dhati kubaki ndani ya duara la futi 10 la katikati na kucheza kwa kushambulia, bila kujali yuko katika hali gani, matokeo ni yapi au muda uliobaki ni kiasi gani. Adhabu nazo ziko wazi: mara ya kwanza onyo, ya pili pointi 1 kwa mpinzani, ya tatu 1, ya nne 2, ya tano anaondolewa. Ukisoma hivyo unaona hakuna tatizo. Nenda jimuni uone.

Asilimia kubwa ya marefa, na nasema hivi kwa kuwaheshimu maana ni walimu wangu, wana kipimo kimoja cha kipindi cha kwanza na kingine cha sekunde za mwisho. Mwanzoni wanatoa onyo haraka, kwa sababu onyo halina pointi na linaonyesha kwamba refa yuko macho. Mwishoni, pale ambapo ngumi ya refa, ambayo ndiyo ishara ya kukwepa mchezo, ikiinuka pointi itahama na mechi itageuka, mkono unakuwa mzito. Mzee mmoja aliyechezesha miaka mingi aliniambia siku ya kwanza tuliyofanya kazi pamoja: "Usiamue mechi ya watoto. Waache waamue wenyewe." Maneno yale yana utu ndani yake, na nilitembea nayo kwa muda. Lakini nilipoendelea kusimama katikati ya mkeka niliona hayajakamilika. Mtoto wa pili, yule anayefuata, anayesukuma, anayetafuta miguu ya mwenzake, amefanya kila kitu ambacho kanuni inamtaka afanye. Nikinyamaza nimemnyima pointi ambayo dakika tatu zilizopita ningempa bila kusita. Kunyamaza kwangu kumeamua mechi, tofauti ni kwamba hakuna atakayenizomea.

Kuna nusu fainali moja ninayoikumbuka kwa sababu hiyo. Mchezaji wa upande mwekundu alikuwa anamwongoza yule wa kijani 7–6. Katika kipindi cha pili nilishampa onyo kwa kurudi nyuma hatua tatu nne mfululizo akiwa amenyoosha mikono mbele, kichwa chini, bila kujaribu lolote. Kipindi cha tatu, zikiwa zimebaki sekunde kama kumi na tano, alirudi nyuma hatua zilezile, mikono vilevile, kichwa vilevile, mpaka kisigino kikagusa mstari. Nikainua ngumi, nikatoa pointi kwa kijani. 7–7. Jimu likalipuka. Kocha wa mwekundu alikuja mezani, na namsifu mpaka leo kwa namna alivyouliza: "Mwamuzi, naomba unieleze tofauti ya hili na yale aliyoyafanya mwanzoni." Nikamjibu kwamba hakuna tofauti, na ndiyo sababu nimetoa pointi: lile la kwanza lilikuwa onyo, hili ni la pili. Alinitazama, akarudi kwenye kiti chake. Sitaji nani alishinda katika muda wa nyongeza, kwa sababu haihusiani. Mwisho wa siku kijana mwekundu alipita karibu yangu na begi lake mgongoni, akasema, "Najua, ulishaniambia." Hakuwa na furaha, lakini alikuwa ameelewa alichoadhibiwa, na kwa mtoto wa miaka kumi na sita hilo ni jambo kubwa.

Kutoka hapo nikajiwekea utaratibu. Dakika ya kwanza ya kila mechi naitumia kuonyesha kipimo changu. Nikiona mtoto anakwepa nasema kwa sauti, "Rudi katikati, mwekundu," ili ajue nimeona, ili mpinzani wake ajue, na kocha wake naye ajue. Asipobadilika, ngumi. Kilichopata ngumi dakika ya kwanza kitapata ngumi dakika ya sita. Wapo marefa wakali kuliko mimi na wapo wapole kuliko mimi, na watoto wanaweza kuishi na wote wawili, mradi kila mmoja awe mkali au mpole kwa wote wawili walio mbele yake na mpaka filimbi ya mwisho. Mtoto mwenye akili anausoma mkeka ndani ya dakika moja. Asichoweza kukisoma ni kipimo kinachobadilika katikati.

Uchovu nao wazazi hawaufikirii. Kuona kama bega limegusa mkeka kunahitaji refa alale kifudifudi, shavu karibu na mkeka, macho usawa wa bega. Asubuhi tunajitupa chini kama vijana. Saa kumi jioni, baada ya mechi nyingi ambazo hata huzihesabu tena, magoti yanawaka moto na refa anaanza kuinama badala ya kulala. Ukiinama unaona bega kwa juu, na kwa juu mabega mengi yanaonekana yamegusa, au hayajagusa, kutegemea umesimama upande gani. Hapo ndipo asubuhi na jioni zinapoachana hata kwa mtu mmoja yuleyule. Nimewahi kumwona mwenzangu, mtu mzima mwenye mvi, anajitupa chini kwenye mechi ya kugombea nafasi ya saba ambayo watazamaji wake walikuwa bibi mmoja na mtoto mdogo, kwa kasi ileile aliyojitupa kwenye fainali. Nikitaka kumweleza mtu maana ya refa mwenye kipimo kimoja, namtaja yule.

Na waamuzi ni wachache. Tangu mieleka ya wasichana ipate hadhi rasmi hapa Iowa msimu wa 2022–23, jambo ambalo nimelifurahia kwa moyo wote kwa kuwa binti yangu ni mmoja wao, mashindano yameongezeka kwenye Jumamosi zilezile, na watu waliovaa mistari hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwandaaji aliyetaka marefa kumi anapata saba. Zamu za kupumzika zinakatwa. Kisha mzazi anashangaa kwa nini refa wa jioni hakulala chini.

Kwa jamii yetu kuna jingine, nalo linaanza kabla hata ya mechi ya kwanza. Asubuhi wakati wa kupima uzani, refa hukagua ngozi, kucha na nywele. Ngozi hukaguliwa kwa sababu mieleka inaeneza mashilingi na magonjwa mengine ya ngozi kwa urahisi, na mtoto mwenye alama ya kutilia shaka hachezi mpaka awe na fomu ya daktari. Kanuni nzuri. Lakini wekundu ambao marefa wengi wamefundishwa kuutafuta hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, na kwa upande mwingine ngozi yetu ikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Binti yangu ana madoa ya pumu ya ngozi shingoni tangu utotoni. Wiki moja alipita bila neno, wiki iliyofuata, ukumbi mwingine, alizuiwa mpaka mama yake alipochomoa fomu kwenye mkoba. Refa yule hakukosea kumwuliza. Kilichoniuma ni kwamba wa wiki iliyotangulia hakuuliza, na binti yangu akaanza kuamini kwamba jambo lile linategemea bahati. Ndugu zangu wazazi, fomu hiyo mpate kwa daktari mapema na itembee na mtoto kila Jumamosi, hata kama mara iliyopita haikuulizwa.

Nywele je? Wengi tunakumbuka Desemba 2018, New Jersey, kijana mweusi wa miaka 16 alipoambiwa na refa kando ya mkeka akate rasta zake au aachie mechi. Zikakatwa palepale mbele ya watu, naye akaingia akacheza akashinda, na uso wake kwenye ile video haukuwa wa mshindi. Mwaka uliofuata refa yule alifungiwa kwa misimu miwili katika makubaliano yaliyosimamiwa na ofisi ya haki za kiraia ya jimbo lile, na baadaye NFHS ikaondoa kikomo cha urefu wa nywele. Kwa hiyo mama mmoja wa Uvira aliponishika mkono jimuni na kuniambia, "Baba, wewe ni mmoja wao sasa, tuambie ukweli, wanatuonea au hawatuonei?" sikuweza kumjibu kwa kumpuuza. Hofu yake ina historia.

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyowajibu wote. Kabla mtoto wako hajaingia, mtazame refa wa mkeka ule kwa mechi mbili tatu za watoto usiowajua. Angalia anatoa onyo la kukwepa kwa jambo gani. Angalia anasimamisha mishiko gani. Angalia mkono wake unahesabu kwa kasi gani. Mtoto wako akiingia, linganisha na hayo. Ukiona amepewa hukumu ileile waliyopewa wale, hata kama wewe unaiona kali, refa yule ana haki naye. Ukiona kipimo kimebadilika kwa mtoto wako, sasa una jambo la kumwambia kocha, na una mifano mkononi. Mama yule alifanya hivyo. Mara moja aliridhika. Mara nyingine aliona kweli kipimo kimebadilika, kocha akaliandika na kulipeleka kwa msimamizi wa waamuzi kwa utaratibu, na likasikilizwa.

Kupiga kelele hakusaidii, na hapa naongea na akina baba wenzangu hasa. "Mgeuze! Mgeuze!" kwa Kiswahili piga tu, mtoto anasikia na inampa nguvu. Lakini matusi kwa refa yanamfanya ajilinde, na mtu anayejilinda haoni vizuri. Kocha ndiye mwenye haki ya kwenda mezani, na hata yeye anaruhusiwa kuuliza kama kanuni imetumika vibaya, haruhusiwi kubishana na mtazamo wa refa. Akivuka mpaka anapata onyo, mara ya pili timu inakatwa pointi 1, mara ya tatu 2 na anatolewa ukumbini. Kocha anayejua kuuliza vizuri ni mali ya timu. "Ulihesabu ngapi?" ni swali halali. "Una macho?" linaigharimu timu.

Dawa ninayoiamini zaidi iko asubuhi, kabla ya wimbo wa taifa. Kwenye mashindano yaliyoandaliwa vizuri, refa mkuu hutukusanya kwa dakika kumi na tano kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Bora kati yao niliyefanya naye kazi hana hotuba. Anachukua marefa wawili walale mkekani, waonyeshe mshiko mmoja, anauliza kila mmoja wetu: unasimamisha au huusimamishi? Mikono inainuka, inatofautiana, tunajadili mpaka tunakubaliana, tunaenda kwenye mshiko unaofuata. Kisha anatuhesabisha wote kwa sauti pamoja, na saa mkononi. Mwisho anasema kukwepa mchezo leo kunaanzia wapi, na kwamba saa moja usiku kutaanzia palepale. Siku hizo simu za wazazi wangu huwa chache. Siku ambazo tumefika, tukagawiwa mikeka na kuanza, nazijua hata kabla simu haijaita. Ninaliomba chama cha jimbo kikifanye kikao hicho kiwe lazima kwa kila shindano lenye mikeka zaidi ya mmoja, na nimeshawaandikia hivyo.

Na tunahitaji watu wetu ndani ya mistari. Wapo vijana wa Kikongo, wa Kirundi na wa Kitanzania waliomaliza shule hapa, wameicheza mieleka miaka minne, wanayaelewa mabega na viuno kuliko nilivyoyaelewa mimi nilipoanza. Wawili kutoka kanisa letu nimewashawishi wajisajili msimu ujao. Mmoja ameshafaulu mtihani. Mwingine bado anasita, ananiuliza, "Mzee, watu watanitukana?" Nimemwambia watamtukana, hasa wiki za mwanzo, na kwamba mkutano wa kanuni ni Oktoba, nitampitia na gari.